Amplifaya inajizima ndani ya kabati msimu wa kaskazi: nivipange vipi vyombo vipate hewa?

Mkaazi wa Chumbageni, Tanga

Wakubwa shikamooni, wengine habari za jioni.

Nina vyombo vya muziki alivyotuachia marehemu baba: amplifaya ya stirio ya wati 80 kila upande, ile ya zamani yenye uso wa rangi ya fedha, deki ya kaseti, mashine ya CD na pleya ya santuri. Viko sebuleni kwenye kabati la mninga. Mgongo wa kabati umezibwa kwa hadibodi, mbele kuna mlango wa kioo. Amplifaya iko chini kabisa kwa sababu ya uzito. Juu yake imekaa deki, juu ya deki CD, juu ya CD king'amuzi. Vimebebana hivyo hivyo, miguu ya kimoja juu ya bati la kingine, na mama ameweka kitambaa cha kufuma kati ya amplifaya na deki ili bati lisikwaruzike. Pleya ya santuri peke yake ndiyo iko nje, juu ya kabati.

Spika ni jozi mbili: A sebuleni, B barazani. Siku za kawaida tunapiga A tu na hakuna neno. Jumamosi usiku ndugu wakikaa barazani nabonyeza A+B, na baada ya saa moja hivi unasikia "tak", sauti inakata pande zote, taa ya ulinzi inawaka nyekundu. Nikiiacha ikapoa inarudi kama kawaida. Wakati wa kusi hali hii ni nadra. Imeshika kasi tangu Desemba, na sasa Februari ni kila wiki.

Kinachonikosesha usingizi zaidi ni kaseti. Baba alirekodi mwenyewe harusi na maulidi za mtaani miaka ya 1980. Sauti za bibi zangu zimo humo, na nakala ni hiyo moja. Nikitoa kaseti kwenye deki ina joto la kushtua mkono.

Fundi mmoja ameniambia transista zimechoka, zibadilishwe zote. Jirani anasema nielekeze feni ya kusimama usoni mwa kabati huku mlango ukiwa wazi. Kabla sijatoa hela nataka kujua kama tatizo ni mpangilio. Nipange vipi? Na je, mgongo wa kabati nitoboe?

Kijana wa Kariakoo

Pole mkuu. Mimi ningenunua feni mbili za kompyuta, ningezibandika juu ya amplifaya na kazi imeisha. Huku Kariakoo ziko tele, hata zile zilizotolewa kwenye kompyuta kuukuu zinafaa. Transista usiguse kwanza.

Fundi redio, Mombasa

Mwanangu wa Chumbageni, marahaba. Pole kwa kuondokewa na mzee, na hongera kwa kuvitunza vyombo vyake.

Kuhusu transista nakubaliana na kijana. Transista iliyokufa haisubiri Jumamosi, wala haifufuki ikipoa. Ndani ya amplifaya ya namna hiyo kuna kihisi cha joto kilichobanwa kwenye hitisinki, lile bonge la alumini lenye mapezi. Joto likifika kiwango kilichowekwa, rilei ya spika, swichi inayoendeshwa na umeme, inaachia, na ndiyo hiyo "tak" unayoisikia. Chombo kinachokata kikiwa moto na kurudi kikiwa baridi, mara nyingi sana kinajilinda tu. Ukibadilisha transista zote ukazirudisha kabati lile lile, utaisikia tena Jumamosi inayofuata, na safari hii hela imekwenda.

Lakini feni zako, kijana, mimi naziweka mwisho. Niwieni radhi nieleze kwa urefu, maana hili nimeliona likiua vyombo vingi vizuri hapa pwani.

Tazama kifuniko cha amplifaya: kina matundu juu. Ukiiinua ukatazama chini yake utakuta mengine. Hewa inaingia chini, inapita katikati ya mapezi, inapata moto, inapanda na kutoka juu. Aliyeiunda hakuweka feni kwa sababu alitegemea mwendo huo. Deki ikilala juu ya matundu, na kitambaa kikaziba uwazi mdogo uliobaki baina ya miguu, hewa haina pa kwenda. Inazunguka mle mle na kila mzunguko inarudi moto zaidi. Kitambaa mwombe mama akitandike meza ya kati. Kazi ya mikono yake itaonekana vizuri zaidi huko kuliko kufichwa chini ya deki.

Watu wakiambiwa chombo kinataka hewa hufikiria nafasi. Vitabu vya risiva (amplifaya zenye redio ndani) nyingi za Yamaha, kwa mfano, vinaagiza sentimita 30 juu, 20 kila ubavu na 20 nyuma, na ni agizo zuri. Lakini mtu anapima rula ndani ya kabati lililozibwa pande zote, anapata sentimita zake, anaona amemaliza. Kabati kubwa lililofungwa litachelewa kupata moto, basi. Mwishowe litaupata. Ni kama jiko la kuni kwenye chumba kisicho na pa kutokea moshi: hata chumba kikiwa kipana, moshi utajaa. Kinachotakiwa ni njia. Hewa baridi iwe na pa kuingilia chini, hewa moto iwe na pa kutokea juu, na tundu la juu lisiwe dogo kuliko la chini.

Kwa hiyo ndiyo, toboa mgongo. Hadibodi haibebi uzito wowote wa maana. Kama kabati halilegei ukiiondoa, iondoe yote. Kama inalikaza, kata kipande chini na kipande juu, kila kimoja karibu upana mzima wa kabati, kimo cha kiganja, halafu livute kabati lote litoke ukutani sentimita 15. Watu husahau hilo la mwisho. Wanatoboa nyuma, kisha wanalisukuma mpaka tundu linabusu ukuta.

Mpangilio sasa. Joto linapanda, kwa hiyo mwenye joto akae juu na wasio na joto wakae chini yake. Najua seti nyingi za dukani ziliwekwa amplifaya chini, kwa ajili ya uzito. Kama rafu yako ya juu ni imara, mpandishe mzee huyu, yaani amplifaya, juu peke yake, asibebe kitu kichwani. CD chini yake, deki chini kabisa. Kama rafu haistahimili, basi ibaki chini lakini rafu nzima iwe yake, na cha juu yake kikae kwenye rafu nyingine, kisiikalie. Vinavyobebana, kama CD juu ya deki, viwekee vipande vya mbao vya sentimita 4 au 5 kwenye pembe. King'amuzi kitoe humo kabisa. Kina joto mchana na usiku hata ukikizima kwa rimoti, na watu hawakihesabu.

Ya jirani yako usiyafuate. Feni ya kusimama inapuliza vumbi la barazani moja kwa moja ndani ya chombo, na vumbi la pwani lina chumvi, linanyonya unyevu. Utapooza leo na kuozesha bodi kesho.

Halafu niambie vitu viwili. Kimoja: nyuma ya amplifaya, penye matundu ya waya za spika, pameandikwa nini kuhusu omu, kipimo cha ukinzani wa spika? Na spika zako kila moja ni omu ngapi? Cha pili: tafuta kipima joto chenye waya, kile cha mashine ya kutotolesha vifaranga kinatosha, upime ndani ya kabati muziki ukiwa umepiga saa nzima. Usibadilishe kitu kabla ya kupima, tujue tulipotoka.

Mkaazi wa Chumbageni

Fundi, Mungu akuzidishie. Kitambaa mama mwenyewe amekitoa aliposikia nasoma.

Nimepima kwa A+B, sauti ya Jumamosi. Sebuleni nyuzi 31. Ndani ya kabati, juu ya bati la amplifaya, 54. Kwenye mlango wa kaseti wa deki, 46. King'amuzi, ingawa hata TV haikuwa imewashwa, bati lake 43.

Nyuma pameandikwa: A au B, omu 8 hadi 16. A+B, omu 16. Spika zote nne ni za omu 8.

Mwalimu wa fizikia, Morogoro

Naomba niingie hapo kwenye omu, maana ndipo penye nusu ya habari.

Amplifaya nyingi zenye maandishi hayo huunganisha jozi A na jozi B sambamba, yaani kila spika inapata umeme wake moja kwa moja kutoka sehemu ile ile. Spika mbili za omu 8 zikiwa sambamba, amplifaya inaona omu 4. Chombo chako kinaagiza omu 16 kila spika ukitumia A+B, ili jumla isishuke chini ya 8. Kwa hiyo kila Jumamosi mkondo wa umeme kwenye transista unakuwa maradufu kwa sauti ile ile, na joto nalo linakuwa maradufu.

Nimepiga hesabu ya amplifaya ya aina hii, wati 80 kwa omu 8. Joto lake kubwa halitokei sauti ikiwa mwisho. Linatokea ikitoa takriban asilimia 40 ya nguvu yake. Hapo transista za upande mmoja zinamwaga kama wati 32 za joto, pande mbili 65. Kwa omu 4 inakuwa 130. Hiyo ni kwa mlio mmoja usiokatika. Muziki una vipumuo, utashuka chini ya hapo, lakini uwiano ni ule ule. Ongeza na joto la transfoma.

Hewa inayohitajika nayo inahesabika. Mita moja ya ujazo ya hewa kwa dakika ikibeba wati 100 za joto, inatoka ikiwa imepanda nyuzi 5 tu. Nusu yake, nyuzi 10. Feni moja ya kompyuta ya milimita 120 inafikisha kiasi hicho hata ikizungushwa polepole, mradi haina kizuizi. Maana yake ni kwamba huhitaji upepo mkali. Hewa kidogo inayotembea kweli inashinda feni mbili zinazokoroga hewa ile ile ndani ya boksi. Zile mbili za kubandika juu ya amplifaya, mgongo ukiwa umezibwa, zisingekusaidia sana.

Dada wa Mkunazini, Unguja

Mie nyongeza yangu ni wadudu. Ukitoboa nyuma umefungua mlango kwa mende na mijusi, na wao wanapenda pale penye ujoto. Mjusi akikanyaga penye umeme mkubwa ndani ya amplifaya, yeye anakufa na bodi inaungua, kwetu limetokea. Ziba matundu ya kabati kwa wavu wa chandarua uliokazwa kwa fremu ya mbao, uwe unatoka kwa ajili ya kufuliwa. Wavu unapunguza hewa, kwa hiyo tundu lenyewe likate kubwa kuliko ulivyopanga. Na uufue kweli. Huku wavu unashika ukungu wa vumbi na chumvi upesi sana, baada ya mwezi huoni mwanga ukiutazama.

Fundi redio, Mombasa

Mwalimu ahsante, umenipunguzia maneno. Dada naye kasema kweli tupu. Nami niongeze kuwa wavu usiuweke kwenye matundu ya amplifaya yenyewe. Uishie kwenye kabati.

Sasa mwanangu, 54 ndani ya kabati na 31 nje. Hitisinki yenyewe itakuwa juu zaidi ya hapo. Tazama inavyogusa umri. Kapasita zile kubwa, vipuri vinavyohifadhi umeme ndani ya amplifaya, huandikwa joto na saa, tuseme nyuzi 85 kwa saa 2,000. Kanuni tunayoitumia mafundi ni kwamba kila ukipunguza nyuzi 10, umri unakuwa maradufu. Kapasita hiyo ikifanya kazi kwenye nyuzi 55 ina kama saa 16,000. Kwenye 45, saa 32,000. Kwa mtu anayesikiliza saa nne kila siku ni tofauti ya miaka 11 na miaka 22. Ndiyo maana nakasirika mtu akiambiwa abadilishe vipuri kabla hajaambiwa avute kabati litoke ukutani.

Kabla hujarudisha vyombo, safisha. Chomoa plagi ukutani, siyo kuzima kwa kitufe, na kama huna uzoefu wa ndani ya amplifaya usifungue kifuniko: kapasita hizo hubaki na umeme wa kukudhuru hata plagi ikiwa nje. Brashi mpya ya rangi, laini, na kipulizio cha mkono kupitia matundu vinatosha. Kitambaa chenye maji hapana.

La kaseti ndilo lililonigusa. Nyuzi 46 ni nyingi kwa utepe. Joto linaharakisha sauti ya mzunguko mmoja kuhamia kwenye mzunguko ulio juu yake, ndipo unaposikia kivuli cha neno kabla halijatamkwa. Na kile kipande cha sponji kinachokandamiza utepe, gundi yake inaachia. Kwa hiyo usizipige kaseti za bibi zako Jumamosi kwa wageni. Deki haihitaji amplifaya ili kunakili. Itoe kabatini, iweke mezani asubuhi kukiwa na ubaridi, toa waya kwenye matundu yake ya nyuma ya kutolea sauti, uingize kwenye kompyuta kupitia tundu la laini (line in), siyo la maikrofoni. Rekodi faili za WAV, ambazo sauti yake haijabanwa, usianze na MP3. Safisha kichwa cha deki kwa pamba na spiriti kabla ya kila kaseti chache. Utepe ukipita mara moja vizuri, umeshapata. Kaseti zenyewe zisimamishe wima kwenye sanduku mbali na kabati hilo, na mbali na spika, kwa sababu ya sumaku.

Santuri nazo zisilazwe juu ya kabati. Hewa moto ya tundu la juu itapita hapo.

Mkaazi wa Chumbageni

Wakuu, nimerudi na majibu.

Seremala wetu alikagua kabati, akasema hadibodi ndiyo inayolikaza, kwa hiyo tumekata vipande viwili, chini na juu, tukaweka fremu za chandarua kama alivyosema dada wa Unguja. Rafu ya juu imeongezwa mbao ya kuishikilia na amplifaya imepanda huko peke yake. Deki imetoka kabisa, iko kwenye meza ya kunakilia. King'amuzi kimetundikwa nyuma ya TV. Mlango wa kioo tumeuacha, ila tunaufungua muziki ukiwa unapiga.

Bila feni, A peke yake, saa nzima: sebuleni 31, juu ya bati la amplifaya 40. A+B sijathubutu tangu mwalimu aseme.

Kaseti za harusi nimeanza. Ya kwanza imetoka safi. Mama alikaa pembeni akaisikiliza mpaka mwisho, akawa ananitajia majina ya waimbaji mmoja mmoja nami nayaandika.

Maswali mawili yaliyobaki. Je, kwa 40 bado nahitaji feni? Na barazani tufanyeje? Ndugu wanauliza.

Kijana wa Kariakoo

Hongera mkuu, nimejifunza. Kuhusu barazani, si aunganishe spika za A na B mfululizo, umeme upite moja kisha nyingine, zitoe omu 16?

Fundi redio, Mombasa

Inawezekana, kijana, na joto litapungua. Lakini spika za sebuleni na za barazani zikiwa si aina moja zitagawana sauti vibaya, besi itapwaya, na huwezi kupunguza barazani bila kupunguza ndani. Mimi nisingefanya hivyo kwa amplifaya nzuri kama ile.

Barazani mpe amplifaya yake ndogo, zile za daraja D. Nguvu nyingi zinazoingia, karibu asilimia 90, zinatoka kwenda kwenye spika, kwa hiyo yenyewe inabaki vuguvugu tu. Chukua sauti kutoka matundu ya kurekodia ya amplifaya ya mzee, yale yaliyokuwa yanakwenda kwenye deki. Sauti yake pale haifuati kitufe cha sauti cha amplifaya kubwa, kwa hiyo barazani watakuwa na kitufe chao. Hakikisha adapta yake ni ya volti iliyoandikwa kwenye chombo, na spika za omu 8 inazikubali.

Feni kwa 40, hapana, siyo lazima. Wiki za joto kali zikikupandisha hadi 45, weka moja tu, milimita 120, kwenye tundu la juu, inayonyonya hewa ndani kuitoa nje. Usiipe volti 12 zote, itapiga kelele. Adapta ya rauta ya zamani ya volti 9 itaizungusha kimya. Ifunge na vipande vya mpira, la sivyo mtetemo utapanda kwenye mbao mpaka kwenye sindano ya santuri. Ukitaka ijiwashe yenyewe, kipima joto kile cha vifaranga kina rilei ndani. Nyingi ni za volti 12, hapo tumia adapta ya 12 na uchague feni ya mwendo wa polepole. Iweke iwake kwa 42 na izime kwa 38, na usiiunganishe na swichi ya amplifaya, maana ukizima muziki hitisinki inaendelea kutoa joto kwa muda na hapo ndipo feni inatakiwa bado.

Amplifaya ndogo ya barazani iweke rafu ya chini, pale ilipokuwa ya mzee. Waya mrefu uwe wa spika kwenda nje, ule wa sauti uwe mfupi. Na adapta yake isilale nyuma ya wavu wa chini, itakuwa inapasha moto hewa inayoingia.